Chakula cha Krismasi: kupika kabla, kupika siku yenyewe, au kumkodi mpishi?

Nyumbani_Kimara
Wadau habari za leo. Mwaka huu Krismasi inaliwa kwangu. Wanakuja wakwe kutoka Kibaha, mashemeji na watoto wao, na majirani wawili watatu, jumla kama watu ishirini. Dada anayenisaidia kazi anapanda basi kwenda kwao Singida kabla ya sikukuu, na simlaumu, naye ana mama yake. Usiku wa tarehe 24 tuko ibada ya mkesha, asubuhi ya 25 watoto wana igizo kanisani. Tukirudi nyumbani ni saa sita mchana, wageni wako nyuma yetu na njaa yao.

Naona njia tatu. Kuamka saa tisa usiku kama walivyofanya mama zetu, chakula kinakuwa kitamu ila mpishi anasinzia mezani. Au kupika vyote tarehe 23 na 24, niweke kwenye friji, siku yenyewe nipashe tu. Au nimkodi mpishi wa shughuli nilale zangu.

Vifaa: friji ya milango miwili yenye freza ya wastani, jiko la gesi la mafiga mawili, na jiko la mkaa. Menyu ninayofikiria: pilau ya nyama, kuku wa kukaanga, ndizi nyama kwa ajili ya baba mkwe, chapati, maharage ya nazi, kachumbari, juisi ya ukwaju. Nyie mnafanyaje?

Sufuria_Nyeusi
Pilau ya jana ni pilau ya jana, hata ukiipasha kwa upendo. Amka upike.

ShangaziGoba
Sufuria Nyeusi, wewe unaamka kupika au unaamka kula?

Mwanangu wa Kimara, hizo njia tatu zako zina kasoro moja: unazungumzia "chakula" kana kwamba ni kitu kimoja. Kila chungu kina tabia yake. Kipo kinachonoga kikilala, na kipo kinachoharibika kikisubiri hata saa tatu. Tuanze na pilau maana ndiyo inayokutisha. Kinachochosha kwenye pilau si wali. Wali ukishaingia kwenye supu ni nusu saa na ushee. Kinachokuvunja mgongo ni kumenya swaumu, kutwanga tangawizi, kukata vitunguu kilo nzima, kuvikaanga taratibu mpaka viwe kahawia bila kuungua, na kusubiri nyama ya ng'ombe iive. Hayo yote yanafanyika tarehe 23. Chemsha nyama na tangawizi, swaumu na chumvi mpaka iwe laini, ipoe, weka nyama na supu yake kwenye vyombo vyenye mfuniko. Kaanga vitunguu, malizia na binzari nyembamba, hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, hiyo rosti ifunge chombo chake. Siku ya sikukuu unapasha rosti, unatia nyama na viazi, supu ikichemka sawasawa unatia mchele. Saa moja na kidogo umefunika, na mtu akionja hajui kama kazi ilianza juzi.

Maharage chemsha mapema na ugandishe, yaunge siku hiyo. Tui usilikamue kabla, kwa joto hili linachacha upesi. Kuna nazi iliyokunwa, hiyo igandishe hivyo hivyo, ukamue asubuhi. Chapati kanda, sukuma, zikaushe kwenye chuma bila mafuta mpaka zibadilike rangi kidogo tu, zipoe, zipange na karatasi katikati, freza. Siku yenyewe unazikaanga na mafuta, ni laini kama za muda huo. Ukwaju loweka, chuja uwe mzito, utie maji na sukari wageni wakiwa wanavua viatu.

Kachumbari ndiyo pekee nakukataza. Kitunguu unaweza kukata asubuhi ukakiosha na chumvi, lakini nyanya na chumvi ya mwisho ziingie wakati sahani zinatoka, la sivyo utagawa supu ya nyanya.

JikoniUpanga
Nafanya kazi jiko la hoteli, naongeza mawili kwenye ya Shangazi maana hapa ndipo watu wanapoharibikiwa matumbo tarehe 26.

Wali au pilau iliyoiva usiiache mezani kutoka mchana hadi usiku. Mchele una bakteria anayeitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa kwenye joto la chumba mbegu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha mpaka mvuke ujae jikoni. Desemba yetu ya nyuzi 31, 32 inazipenda sana. Sheria ya jikoni kwetu ni saa mbili: chakula kilichoiva kisizidi hapo nje, halafu kiwe friji chini ya nyuzi 5, au kibaki motoni juu ya nyuzi 60. Ndiyo maana mimi pilau siipiki kabla. Sababu ya ladha ni ya Sufuria Nyeusi, yangu ni hiyo.

La pili ni ile supu na nyama ya tarehe 23. Usifunike sufuria nzima ikiwa ya moto ukaisukuma kwenye friji. Katikati yake itabaki vuguvugu usiku kucha, na itapasha moto kila kilicho jirani. Gawa kwenye vyombo vifupi vipana, vipoe haraka, kisha ndani. Ukipasha, ichemke kweli.

Kuku: ukimgandisha, mtoe freza umshushe sehemu ya chini ya friji tangu jana yake. Kuku mzima anahitaji kama siku nzima kuyeyuka. Kumwacha kwenye beseni juu ya sinki usiku ni kuwaalika wadudu. Viungo mpake usiku, lakini limau weka asubuhi, likikaa muda mrefu nyama inakuwa kama unga.

Nyumbani_Kimara
Shangazi asante sana, shikamoo. Upanga nawe. Sasa hofu yangu ni umeme. Huku kwetu unaweza kukatika muda wowote, na freza yangu itakuwa imebeba sikukuu nzima.

FundiBaridi
Freza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, inashika ubaridi kama saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Friji ya chini ni saa 4 tu, kwa hiyo nyama yako ya tarehe 23 nashauri ikae juu, sio chini. Jaza nafasi zilizobaki na chupa za maji uzigandishe wiki moja kabla. Na watoto wakatazwe kufungua kutafuta barafu, hao ndio TANESCO wa ndani ya nyumba.

LUKU nunua mapema. Usiku wa mkesha si wakati wa kuhangaika na tokeni kwenye simu. Vivyo hivyo mtungi wa gesi, na mkaa uwepo hata kama hutauhitaji.

Sufuria_Nyeusi
Mkaa atauhitaji. Pilau ya watu ishirini kwenye jiko la gesi inaungua chini na juu mbichi. Ipikwe kwenye mkaa, maji yakikauka apunguze moto chini, apalie makaa juu ya mfuniko. Hapo gesi inabaki kwa kuku na chapati. Nimechangia, mtaacha kunisema.

BintiTegeta
Naona njia ya tatu hamjaigusa. Mimi nimejaribu zote mbili, kuagiza na kumkodi mpishi. Kuagiza sirudii. Siku ile kila mtu ameagiza, chakula cha mchana kilinifikia jua linazama na wakwe wameshakula biskuti. Mpishi wa kukodi ni habari nyingine: anakuja na sufuria zake, mnakubaliana kwa kilo za mchele, wewe unanunua mahitaji. Ila mwambie mapema mno, wazuri wanakuwa wameshachukuliwa, na wengine ndio hao wako ndani ya basi kwenda Moshi. Kwa watu ishirini sioni haja. Wakifika hamsini, mkodi bila kufikiria.

Mama_wa_Ilala
Kuhusu manunuzi: wiki ya sikukuu bei ya kuku inapanda na wenye afya wanakwisha. Nenda Kisutu au Shekilango mapema kidogo, achinjwe, anyonyolewe, ukagandishe. Kama majirani zako ni Waislamu hakikisha kachinjwa na Mwislamu na uwaambie, waje kula bila kuulizana kwa macho. Na kama kuna mtu wa kitimoto nyumbani, mafuta yake na karai lake viwe kando kabisa.

Ndizi za baba mkwe nunua Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, tarehe 23 au 24, zikiwa mbichi kabisa. Nyama yake chemsha pamoja na ile ya pilau, ndizi menya siku hiyo. Ukizimenya kabla zinakuwa nyeusi, hata kwenye maji hazipendezi.

JikoniUpanga
Mchele kilo 3 zinatosha watu ishirini wenye vyakula vingine mezani. Naona watu wanapika 5 halafu wanatuuliza jinsi ya kuhifadhi kiporo.

ShangaziGoba
Na mimi niseme lililonikaa moyoni. Menyu yako ni ndefu. Pilau, chapati na ndizi kwenye meza moja, nani atakula vyote? Kati ya chapati na maharage, toa vyote viwili, au mpe shemeji mmoja avilete. Wanakuja na mikono miwili kila mmoja. Lakini mpe jina la chungu: "wewe lete chapati." Ukisema "njooni na chochote," watakuja na soda na mapilau matatu.

Nyumbani_Kimara
Nimeshampigia wifi, chapati ni zake, maharage nimefuta. Kuku nawafuata Shekilango tarehe 20. Tarehe 23 nyama, supu na rosti. Tarehe 24 ndizi sokoni, ukwaju, kuku wanashuka friji ya chini, jioni viungo, kisha mkesha. Mume wangu haendi kwenye igizo, anabaki na mkaa, atatia mchele saa tano na nusu. Anasema hajawahi kupalia wali maishani.

Sufuria_Nyeusi
Mpe namba yangu.

ShangaziGoba
Usimpe. Mfundishe Jumapili hii, na kilo moja.