Mafundi wa Lubumbashi, acheni kutoboa taa za magari yetu!

Bandugu, nina hasira na sitaificha. Kama wewe ni fundi, soma mpaka mwisho.

Gari yangu ni Toyota ya mtumba kutoka Japani. Mvua za mwezi wa 11 zilipoanza, kila asubuhi nilikuta taa ya mbele ya kulia imeshika ukungu kwa ndani, na matone yanateremka. Nikaipeleka garaji, ile ile iliyonibadilishia ampuli (balbu) mwezi wa 8. Fundi hakuifungua hata skrubu moja. Alichutama, akaitazama, akachukua drili, akatoboa matundu matatu chini ya plastiki. Kisha akapaka silikoni kuizunguka taa yote, kama mtu anayeziba bati linalovuja. "Papa, mayi itatokea hapa chini, usiogope." Dola 25.

Maji hayakutoka. Yaliingia! Kila gurudumu lilipopiga dimbwi, maji ya tope yalirushwa juu mpaka kwenye yale matundu. Baada ya wiki tatu yalikuwa yamejaa kimo cha kidole, mekundu kama udongo wetu, nikikata kona nayaona yanasukasuka. Na silikoni yenyewe ni ile inayonuka siki. Mvuke wake ni asidi, ukifungiwa ndani ya taa unaharibu ile sehemu ya rangi ya fedha inayorudisha mwanga. Yangu imebabuka, vipande vyake vinaelea ndani ya maji.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Natoka Likasi usiku, mvua inapiga, lori la madini linakuja mbele yangu na taa zote juu. Mnajua taa za Japani zimetengenezwa kwa watu wanaopita kushoto: mwanga unainuka kushoto, kumulika ukingo wa barabara yao. Sisi tunapita kulia. Maana yake ukingo wetu tayari unapata mwanga haba, na ndiyo taa ya upande huo iliyokuwa imejaa maji, inawaka kama mshumaa. Lori lilipopita tu nikaona magunia ya makala (makaa), mita chache mbele, na mtu ameinama nyuma yake anasukuma kinga (baiskeli). Hana taa, hana kitu cha kung'aa. Nilikata kushoto kwa nguvu. Hakuguswa. Nilisimama pembeni mikono inatetemeka, naye akapita akanisalimia! Yule baba alikuwa auawe na matundu matatu ya drili, na mimi ndiye ningefungwa.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari. Alitoa taa nzima, akaigeuza, akaniuliza: "Mpira wa huku nyuma uko wapi?" Mpira gani? Ule mfuniko mweusi unaokaa nyuma ya ampuli na kuziba tundu lake. Haupo! Walipobadilisha ampuli mwezi wa 8 waliuvua na hawakuurudisha. Miezi yote hiyo taa yangu ilikuwa wazi kwa nyuma, na walipoletewa ugonjwa walioupanda wenyewe, wakatoboa.

Mzee akanieleza jambo ambalo kila fundi angepaswa kulijua. Taa haizibwi kabisa, inapumua. Nyuma ina vitundu, au kamrija kadogo ka mpira kanakotazama chini. Ukiwasha, hewa ya ndani inapata moto na kutoka. Ukizima inapoa, inavuta hewa ya nje, na usiku wa mvua hewa hiyo ina unyevu. Plastiki ikipoa, umande unashika, kama kwenye chupa ya maji baridi. Ukungu mwembamba unaoondoka baada ya kuwasha taa nusu saa hivi si ugonjwa, uacheni. Matone yanayotiririka au maji yaliyotuama, hayo yana mlango: mpira umekosekana au umechakaa, gundi imeachia, plastiki ina ufa, au mrija umejaa tope. Tafuta mlango kwanza! Vua taa, ikaushe juani, safisha mrija, rudisha mpira. Ukipaka silikoni juu ya vitundu vya kupumulia, unyevu uliomo ndani hauna pa kutokea.

Nanyi mnaoosha magari kwa mashine, msielekeze ule mdomo kwenye maungio ya taa. Maji ya nguvu vile yanapenya hata kwenye taa isiyo na ubovu.

Mpira ule ungenigharimu pesa kidogo tu. Sasa inabidi ninunue taa nzima, kwa sababu mzee amesema hii haikaushiki tena, mwanga wake umekufa.

Jumatatu asubuhi narudi pale, taa iko kwenye mfuko pamoja na maji yake. Nataka taa nyingine au pesa yake. Na kabla ya hapo, yule fundi anionyeshe mpira wangu aliuweka wapi.