MREJESHO: Kuendesha bagi miteremko ya Mlima Meru

Wakuu, niliuliza kama sisi wa Dar tuliozoea foleni ya Ubungo tunaweza kuendesha bagi (vile vigari vidogo vya wazi vya njia mbovu) milimani Arusha. Inawezekana, asanteni sana.

Aliyeniambia nisizungushie vidole gumba ndani ya usukani, Mungu akubariki. Tairi ikigonga jiwe usukani unajizungusha wenyewe, ungenivunja. Kushuka kwa gia ya L (ile nzito ya mwendo mdogo) nako kulisaidia, breki nikazigusa kidogo tu.

Skafu niliyojifunga usoni kuzuia vumbi ndiyo ilifeli. Vumbi la kule ni la volkano, jeusi, lilipenya hadi kwenye meno. Mke wangu mgongo ulimkataa, akamalizia safari kwenye Land Cruiser ya mwongozaji, kanuna. Kwa vumbi, ombeni nafasi ya pili kwenye msafara, nyuma tu ya mwongozaji.