Naomba ushauri: hataza za Marekani na flashi zetu za Fedora, Bukavu

Ndugu zangu, hamjambo? Hapa Kadutu tunawawekea wanafunzi Fedora (mfumo endeshi wa Linux) kwenye kompyuta kuukuu, lakini video za H.264, muundo unaotumika sana kubana video, zinatusumbua. Chanzo ni hataza (patent, haki ya kisheria ya mwenye uvumbuzi): Fedora inadhaminiwa na Red Hat, kampuni ya Marekani, hivyo inabanwa na hataza za huko, na mwaka 2022 iliondoa hata msaada wa kadi ya picha katika kuzicheza. Kampuni ya Cisco inatoa OpenH264, programu ya kuchezesha video hizo, na kulipia ada ya hataza yenyewe, ila kila kompyuta ipakue kutoka kwao, na megabaiti huku ni pesa! (MP3 angalau, hataza zake ziliisha 2017.)

Sasa, tukinakili kodeki (programu za kufungua video) nyingine kwenye flashi na kuziuza kwa bei ya flashi tu, hataza ya Marekani inatufikia Kongo? Au tuhamie Debian, Linux nyingine, inayokuja na FFmpeg, programu yenye kodeki hizo? Mwenye kujua sheria anisaidie.