Mjadala: Kikoba kikikosa wagombea, tuwalazimishe watu?

Wanakikoba wenzangu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya, maana najua halijatupata sisi peke yetu.

Jumamosi iliyopita tulivunja kikoba, yaani tuligawana tulichokuwa tunaweka na kukopeshana. Kila mtu akapewa chake, hisa na faida, sanduku likabaki tupu na kufuli zake tatu zikawekwa mkekani. Ikafuata ajenda ya uchaguzi. Mwenyekiti anayemaliza muda akauliza, nani anagombea ukatibu? Kimya. Akauliza tena. Mmoja akaanza kujifunga khanga upya, mwingine akawa anambembeleza mtoto ambaye wala halii. Watu 26 waliokuwa wanahesabu noti kwa vicheko muda mfupi uliopita, wote macho chini. Uenyekiti nao vilevile. Waliojitokeza ni washika funguo watatu na wahesabu fedha wawili tu, na naamini ni kwa sababu kazi yao inaishia palepale kikaoni.

Yakatolewa mawazo mawili. La kwanza, viongozi wa zamani waendelee "mpaka wapatikane wengine". La pili, kila mtu aandike jina kwenye karatasi, atakayepata kura nyingi hana ruhusa ya kukataa, na akikataa anapigwa faini. Tukaahirisha hadi Jumamosi ijayo.

Mimi nayapinga yote mawili. Katibu wetu ana miaka minne kwenye nafasi hiyo. Ni mama mwaminifu, sijawahi kumtilia shaka hata siku moja. Lakini mwaka jana alilazwa, na kwa wiki tatu hatukujua nani anadaiwa nini, kwa sababu kwenye kaunta buku marejesho alikuwa anayaandika kwa alama anazozijua mwenyewe. Ilibidi mtu aende wodini na daftari, mgonjwa ana dripu mkononi, anaulizwa alama hii ni ya nani. Niliona aibu kwa niaba yetu sote. Mwanamke huyo amechoka, na tukisema aendelee, tunamwadhibu kwa uaminifu wake.

Na hili la kulazimisha, jamani, tunazungumzia pesa za watu. Siku hesabu ikipungua laki moja, aliyebebeshwa kazi atasema, "Niliwaambia sitaki." Utamjibu nini?

Baada ya kikao niliwafuata wanachama watatu, mmoja mmoja, nikawauliza kwa nini hawataki. Mmoja anaogopa hesabu, hataki kuaibika mbele za watu. Wa pili alisema nauli ya kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii inatoka mfukoni mwake, na kweli, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ituweke daraja la nne, lile la vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa, na kututaka tusajiliwe, karatasi zimeongezeka. Mkiomba na mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, katibu ndiye anayeshinda kwenye mabenchi ya ofisi. Wa tatu ndiye aliyenigusa zaidi: "Nikimdai jirani yangu, kesho mtoto wangu akiugua usiku nitamgongea nani?"

Hapo hakuna mvivu hata mmoja.

Utaratibu huu wa kuweka na kukopa kwa vikundi, ulioanzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, unategemea kugawana kazi. Ndiyo maana sanduku lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu. Sisi funguo tumezigawa, daftari tumemwachia mtu mmoja.

Kwa hiyo pendekezo langu: kabla ya kuuliza tena nani anagombea, tuigawe kazi yenyewe ya katibu. Awepo wa kuandika daftari na msaidizi wake anayejifunza hapohapo, na mwingine wa kufuatilia mambo ya ofisini kwa nauli ya kikundi. Kudai kusiwe kazi ya mtu mmoja. Madeni yasomwe kwa sauti kila kikao, mdaiwa ajibu mbele ya wote. Na kipindi kiwe mwaka mmoja, basi.

Bado wakikosekana? Mimi nasema hisa na mikopo visianze. Najua wapo wanaosubiri mkopo wa ada ya Januari, na hilo linaniuma. Mfuko wa jamii uendelee, mtu asikose hela ya dawa au ya msiba, lakini kukopeshana bila mwandishi, hapana.

Ninapokwama ni kwenye posho. Wenzetu mnaomlipa katibu, mnaitoa kwenye riba, kwenye faini, au kila mtu anachangia? Na je, iliwaletea maneno, au watu walianza kujitokeza?