Wauza kompresa Kampala, "haivuji" si ushahidi kwamba tangi ni salama!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nimenunua kompresa (mashine ya kushindilia upepo kwenye tangi) ya lita 50 kwa ajili ya gereji yangu ya kupuliza rangi. Sikuinunua kando ya barabara, ni duka la katikati ya mji lenye vioo na risiti. Nikaambiwa ni mpya. Kabla ya kuiwasha nikaona rangi imevimba kando ya mshono, yaani pale palipochomelewa, wa kifuniko cha nyuma cha tangi, nikapitisha msasa. Kilichotoka ni puti! Puti ileile tunayozibia mabonde ya bodi ya gari. Chini yake mshono ni wa kutisha: mahali fundi amerundika chuma, mbele kidogo ameruka kabisa, kisha ameanza tena na rodi nyingine bila kusafisha gamba lililoachwa na rodi ya kwanza. Pembeni mwa mshono bati limelika mfereji ambao ukucha unaingia. Kuna vitobo vitatu vya gesi vimefuatana, na kimoja bado kimejaa puti.

Nimeirudisha dukani. Muuzaji akaijaza upepo mbele yangu, akapaka povu la sabuni kuzunguka mshono, akasema, "Kaka, unaona inavuja? Haivuji. Tangi zima hilo." Nilipodai pesa yangu akanyoosha kidole kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hiyo "haivuji" ndiyo inayonichoma kuliko hata pesa. Mshono unaweza kuzuia hewa kwa ngozi nyembamba tu ya chuma iliyokaa juu, huku kwa ndani yale mabati mawili hayajashikana. Utashika leo, utashika na mwezi ujao. Lakini kompresa kazi yake ni kujaza, kukata, kushuka na kujaza tena kutwa nzima, na kila ikijaza inavuta palepale penye mfereji. Ufa unaanzia hapo na kutembea polepole. Povu la sabuni halina uwezo wa kuonyesha ufa ambao haujatokeza nje.

Na wapo wanaodhani upepo ni kitu chepesi. Tupige hesabu. Kifuniko cha tangi chenye kipenyo cha sentimita 30, presha ikiwa bar 8, yaani kama psi 116, kinasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 5 na nusu. Tani tano na nusu juu ya mshono niliouona mimi! Na lita 50 za hewa kwa bar hizo 8 zina nguvu ya karibu kilojuli 50, inayotosha kunyanyua gari la tani moja mita 5 kwenda juu. Ikiachiliwa mara moja haichagui mtu. Kwangu vijana wanaojifunza kazi wanasimama hatua mbili kutoka kwenye tangi, kwa sababu mpira wa upepo ni mfupi na chumba ni kidogo. Kwa wenzetu wanaojaza matairi, kompresa iko palepale barabarani, abiria wa boda wamekaa kwenye benchi pembeni yake.

Ndiyo maana tangi hupimwa kwa maji. Maji hayashindiliki kama hewa, kwa hiyo mshono ukifunguka yanamwagika tu na kazi imeisha. Unalijaza maji hadi juu, hewa yote itoke, halafu unapandisha presha kwa pampu ya mkono hadi mara 1.5 ya ile lililoundiwa. Kwa tangi la bar 8 ni bar 12. Agizo la Ulaya la 2014/29/EU kuhusu matangi ya aina hii linataka kipimo hicho cha mara 1.5, na linataka kibati kinachotaja presha ya juu ya kazi, ujazo kwa lita, mtengenezaji na namba ya tangi. Kibati cha kwangu ni stika! Imeandikwa presha tu, haina mtengenezaji wala namba. Kujaza hewa tangi ambalo hulijui ili kuona kama litashika, kama alivyofanya yule bwana akiwa amelikumbatia, ni kumweka mtu karibu na hatari ileile unayotaka kuijua.

Mkienda kununua, laleni chini mlitazame tangi lote. Mshono wa urefu, ule unaopita ubavuni, ndio wa kwanza kuangaliwa, kwa sababu kwenye tangi la duara unabeba mvuto mara mbili ya ule wa mishono ya vifuniko. Wa kiwandani huwa na upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho, kwani mashine haichoki. Ukikuta umeanza na kusimama mara nyingi, huo ni wa mkono, na uulize nani ameushika na kwa nini. Ukikuta umesagwa kwa grinda hadi ukalingana na bati, usinunue. Vifuniko viwe vimebinuka, visiwe bati bapa lililokatwa na kuchomelewa. Angalieni pia miguu na kile kitako cha mota: hapo mtetemo ni wa kila siku, na mguu uliochomelewa moja kwa moja kwenye ngozi ya tangi, bila kipande cha bati katikati, huanzisha ufa kwenye tangi lenyewe.

Halafu kuna hawa wa viraka. Hewa yetu ya kando ya Nalubaale (Ziwa Victoria) ina unyevu mwingi, maji yanajikusanya chini ya tangi, na koki ya kutolea maji haifunguliwi hata mara moja kwa wiki. Chuma kinaliwa kwa ndani hadi kinatoboka. Fundi analeta rodi, anaziba tundu, analipaka rangi, anaambia watu limepona. Tundu lile ni mahali palipotangulia tu kuisha. Pale alipochomelea kiraka pembeni yake pengine pamebaki unene wa bati la mabati ya nyumba. Na valvu ya usalama, ile inayotoa upepo presha ikizidi, ikianza kupumua wanaing'oa na kuweka bolti! Nimeona kwa macho yangu, na pia nimeona mitungi ya gesi ya friji, ile yenye alama ya DOT-39 iliyotengenezwa kutumika mara moja tu, imegeuzwa kuwa matangi ya upepo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ipo tangu 2006, na idara yake iko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. UNBS, shirika la viwango la Uganda, nao wana mpango wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa huko zinakotoka. Naomba macho hayo yafike kwenye gereji ndogo na kwenye maduka haya, si kwenye viwanda vikubwa peke yake.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza kama mafuta ya taa na chokaa yanafaa. Unapaka chokaa nje ya mshono, unapitisha mafuta ya taa ndani, yakipenya chokaa inalowa. Ni njia nzuri ya kuona tundu dogo sana, lakini haikuambii mshono una nguvu gani. Na mwingine ameshauri nimpe fundi wa Katwe, hapa Kampala, aurudie mshono. Mafundi wazuri Katwe wapo, nawaheshimu, ila hakuna atakayejua bati lile ni chuma gani na lina unene gani chini ya puti. Sifanyi.

Picha ziko hapo chini. Jina la duka silitaji kwa sasa, wamesema bosi atanipigia. Akipiga atasikia mambo mawili: nataka pesa yangu yote, na tangi likatwe kwa grinda mbele ya macho yangu. Sitakubali lipakwe rangi upya na kurudishwa kwenye rafu auziwe mtu mwingine.