Jibu: Saa tisa za kusubiri ndege Addis, nitoke au nikae ndani?

Dada uliyeuliza juzi, pamoja na wengine mnaokata tiketi za Desemba za kuja nyumbani,

Nawaandikia kutoka Moshi. Nimefika nyumbani wiki iliyopita kupitia Addis Ababa, kwa hiyo najibu mambo yakiwa bado ya moto. Toka. Saa tisa usizimalizie kwenye viti vya uwanja wa Bole, na mji uko hapo hapo mlangoni. Zingekuwa sita ningekwambia kaa ndani, maana foleni ya uhamiaji inakula muda kwenda na kurudi, na ni lazima uwe umerudi uwanjani saa tatu kabla ya ndege.

Viza iombe mtandaoni mapema, usiende kubahatisha dirishani. Kadi ya njano ya chanjo iweke pamoja na pasi: Ethiopia imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, na ukishuka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, unaweza kuulizwa. Begi kubwa likishaandikiwa KIA hutaliona Addis, kwa hiyo sweta liwe kwenye mkoba wa mkononi. Mji ule uko mita zaidi ya 2,300 kutoka usawa wa bahari, juu kuliko geti la Marangu la kupandia Kilimanjaro, na baridi yake ya asubuhi utaijua.

Sasa suala la saa, hapa msome taratibu. Dereva aliyenishusha mjini aliniambia kwa Kiingereza kwamba atanifuata saa nane. Ndege yangu ilikuwa ya saa kumi na mbili jioni, na mimi kwa miaka yangu ya Ujerumani nikaielewa saa nane ya kizungu, yaani saa mbili usiku. Nikaanza kumbishia, moyo unanienda mbio. Akanyoosha mkono anionyeshe saa yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mshale mfupi ulikuwa kwenye nne yenyewe! Sisi kwetu mshale unakaa kwenye kumi, tunageuza kichwani. Wenzetu wameigeuza saa. Kumbe alimaanisha saa nane mchana, vile vile angesema mama yangu. Saa zao na zetu ni zile zile, hata majira hayapishani. Tiketi tu ndiyo imeandikwa kizungu, kwa hiyo na dereva patana kwa Kiswahili kichwani mwako.

Kama una nafasi ya sehemu moja tu, iwe Makumbusho ya Taifa, Amist Kilo. Yupo Lucy, mifupa ya kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, wenyewe wanamwita Dinknesh, aliyepatikana Hadar mwaka 1974, mwenye umri wa miaka milioni 3.2. Kinachoonyeshwa ni nakala. Mifupa halisi imehifadhiwa. Kuna nakala iliyolazwa na nyingine iliyosimamishwa, na aliyesimama ana kimo cha mtoto wa shule ya msingi. Nilikaa pale muda mrefu, kwa sababu taya lililotumika mwaka 1978 kuielezea rasmi aina hiyo ya viumbe halikutoka Ethiopia. Lilitoka Laetoli, Ngorongoro, mkoani Arusha, kule kule zilikokutwa nyayo za miaka zaidi ya milioni 3.6. Nilisoma Arusha miaka sita na hakuna aliyewahi kunipeleka Laetoli. Safari hii nawapeleka wanangu.

Kisha kahawa. Sisi tumekua chini ya mibuni, lakini ya kwetu ilikwenda mnadani, nyumbani tukanywa chai. Kule Addis mama mwandaaji anakaanga buni mbele yako, anakusogezea moshi wake uunuse, anatwanga, anachemsha kwenye jebena, birika lao la udongo. Vinamiminwa vikombe vya raundi tatu: abol, tona, na ya tatu inaitwa baraka. Ndiyo, baraka hii hii yetu. Usiondoke kabla ya hiyo, tenga kama saa nzima.

Merkato iache kwa safari nyingine, ni soko kubwa mno kwa mtu anayechungulia saa. Birr, fedha yao, badilisha kidogo tu.

Kaka yenu wa Kibosho

---

Asante sana kaka. Naongeza moja kwa wapenda nyama: Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wanafunga, na migahawa mingi siku hizo haipiki nyama wala haiweki siagi. Mume wangu alinuna mpaka sahani ilipofika. Agizeni beyaynetu, ni injera moja pana, mkate wao laini, iliyopangwa dengu, njegere, kabichi na mboga za majani, mnakula wote sinia moja kwa mkono wa kulia. Alimaliza na kipande changu.

Na dada, ukitua KIA mchana omba kiti cha dirishani, uuone mlima.