Ushauri: Mashine ya umeme ya kunyolea ndevu kila siku, niliyonayo imeanza kuvuta nywele

Kigogo_Luhanga:
Wakuu, habari za wakati huu. Naombeni msaada wa mawazo.

Natumia mashine ya Philips ya vichwa vitatu vya kuzunguka, inakwenda mwaka wa tano na vichwa ni vile vile ilivyokuja navyo. Kazini natakiwa nifike uso safi siku 6 kwa wiki. Sasa hivi inavuta nywele badala ya kukata, vichwa vinapata moto, na chaji haivuki dakika 10. Ndevu ni za kipilipili, ngumu, na chini ya taya zinalala. Vipele vinatoka hapo hapo.

Bajeti ni 150,000, naweza kusogea kidogo. Niko Dar, ila kuna ndugu anarudi kutoka Marekani mwezi ujao, anaweza kuja nayo. Maswali:
1. Nibaki na vichwa vya kuzunguka au nihamie zile za bati la matundu?
2. Kuna ubaya kuchukua ya Marekani?
3. Hii niliyonayo imekufa kweli au inatengenezeka?

Fundi_Risasi:
Mkuu, tuanze na la 3, maana linaweza kukuokolea hela.

Hapo una magonjwa mawili. Kuvuta nywele na kupata moto ni bledi butu. Chaji kuisha dakika 10 ni betri. Watu wanayachanganya kwa sababu betri ikichoka mota inapunguza mwendo, na bledi inayozunguka taratibu inaushika unywele na kuuvuta kabla ya kuukata. Kwa hiyo hata bledi nzima itavuta ikiwa na betri mbovu.

Yatenganishe hivi: chaji mpaka ijae, kisha nyoa dakika 2 za mwanzo kabisa, betri ikiwa na nguvu zake zote. Ikivuta hata hapo, bledi zimekwisha. Baadaye chaji tena, iwashe uiache ikizunguka bila kunyoa, sikiliza sauti. Betri nzima inavuma kwa sauti moja muda mrefu. Iliyochoka utasikia mvumo unashuka, halafu inazima ghafla.

Vichwa Philips wenyewe wanashauri kubadilisha kila miaka 2. Miaka 5 umeshavipitisha mara mbili, sitashangaa vikiwa butu. Ukitaka vipya soma namba ya mashine nyuma ya mwili, ndiyo inayokuambia vichwa gani. Kichwa namba SH30 hakiingii kwenye mwili wa SH71 na kinyume chake, hata muuzaji akikwambia vinafanana.

Betri nayo inabadilika, ila kwa tahadhari. Za zamani nyingi ni nikeli za volti 1.2, moja au mbili. Za sasa nyingi ni lithiamu, volti 3.6 au 3.7. Usiweke lithiamu kwenye mashine ya nikeli hata kama umbo ni lile lile, chaja yake haijui kuikatia umeme ikijaa, na lithiamu ikijazwa kupita kiasi inawaka moto. Nunua betri yenye masikio ya bati tayari, ya kuchomelea waya. Ukichomelea risasi moja kwa moja kwenye kichwa cha betri, joto linaiharibu ndani. Na kama mashine yako ni ya kuoshwa kwa maji, ukishaifungua mpira wa kuzuia maji haukai tena kama kiwandani.

Kimoja kikiwa kibovu, tengeneza. Vyote viwili vikiwa vimekwisha kama inavyoonekana kwako, weka hela kwenye mpya.

Kiti_cha_Tatu:
Naongezea swali la 1, kwa ndevu za kipilipili.

Mashine ya kuzunguka ina mianya mirefu, kwa hiyo inashika hata nywele ndefu na zilizolala. Huo ndio uzuri wake. Ubaya wake ni kwamba mkono unakwenda mduara, na mduara maana yake kila unywele unakatwa kutoka pande zote, ikiwemo kinyume na ulivyolala. Kwa ndevu zilizonyooka haina shida. Kwa kipilipili cha shingoni ni kuutafutia unywele njia ya kuingia ndani.

Mashine ya bati (Braun, Panasonic) inakwenda mstari ulionyooka, unachagua mwenyewe uelekeo. Inakata chini zaidi na haikwaruzi mashavuni. Ila matundu yake ni madogo: ndevu za siku 3 haziingii, na zilizolala chini ya taya inazipita juu. Mtu anaona bado zipo, anakandamiza, anarudia mara tano, ngozi inawaka. Kwa anayenyoa kila siku kama wewe tatizo la urefu halipo, la zilizolala lipo.

Ningekuwa nachagua kwa uso huo ningechukua ya bati kwa mashavu, mdomo wa juu na kidevu, halafu shingoni nisiitumie kabisa. Shingoni tumia trima, kile kimashine cha kupunguzia ndevu.

Ngozi_Kwanza:
Hapo pa shingo Kiti_cha_Tatu amepapatia, na ningependa sababu yake ieleweke, maana watu wanabadilisha mashine tatu kwa tatizo ambalo si la mashine.

Unywele wa kipilipili unatoka kwenye kishimo ukiwa tayari umepinda. Ukikatwa chini sana ncha inabaki kali kama sindano, inakua, inapinda, inachoma ngozi pembeni na kuingia tena. Au unakatwa ukiwa umevutwa, unarudi chini ya ngozi na kuchomea humo humo ndani. Mwili unaupokea kama mwiba. Ndicho kipele. Kwa hiyo kadiri mashine inavyosifiwa kukata chini, ndivyo inavyofaa kidogo kwa shingo yako.

Dawa yake ni kuacha nusu milimita hadi milimita 1 juu ya ngozi. Trima bila kitana, au zile za aina ya OneBlade (ya Philips, ya bledi moja inayobadilishwa), zinaacha kijinywele kifupi ambacho mtu aliyesimama mbele yako hakioni. Usivute ngozi kwa kidole cha mkono mwingine. Nenda na unywele unavyolala. Kama hujui unalala wapi, acha siku mbili kisha pitisha kiganja: upande unaoteleza ndio wenyewe. Pita mara moja, mbili ikizidi.

Na kwa sasa, kama vipele vimejaa au vina usaha, usinyoe chini hapo kabisa mpaka vitulie. Vikianza kuacha makovu yaliyovimba, nenda kliniki ya ngozi mapema, makovu hayo ni magumu kuyarudisha. Mashine usimwazime mtu, hata mdogo wako: hutoa vitone vya damu usivyoviona, na homa ya ini B inapita humo.

Mzigo_Uwanjani:
Swali la 2. Jibu liko kwenye maandishi madogo ya chaja. Ikiwa 100–240V 50/60Hz, chukua, unachohitaji ni adapta tu ya kutoka pini mbili bapa kwenda pini tatu za kwetu. Sheva nyingi za kuchaji ziko hivyo.

Hatari ni mashine za kinyozi za waya za huko, zilizoandikwa 120V 60Hz peke yake. Ukichomeka kwenye 230 yetu inapiga kelele kubwa na kuungua. Ukitumia transfoma ya kushusha, volti zinashuka lakini mapigo ya umeme yanabaki 50, na mota za sumaku zinategemea mapigo hayo, kwa hiyo itakata kinyonge.

Huko Philips utaikuta kwa jina la Norelco, usiogope. Namba ya SH ndiyo ya kuangalia. Na ndugu yako aibebe kwenye begi la mkononi kwa sababu ya betri ya lithiamu.

Kigogo_Luhanga:
Asanteni sana wakuu. Nimefanya jaribio la Fundi: inavuta hata ikiwa imejaa chaji, na dakika ya 8 sauti ikashuka. Vyote viwili basi. Naelekea kwenye Braun Series 3 kwa mashavu na trima kwa shingo. Kuna cha kukagua kabla ya kulipa?

Sheva_Kavu:
Kabla ya mwili, tafuta kichwa. Uliza duka: kichwa cha akiba cha mashine hii mnacho leo? Kama hawana, na hata kuagiza ni kubahatisha, acha hata kama mashine ni nzuri. Braun wanasema badilisha bati na bledi kila baada ya miezi 18. Panasonic, bati kila mwaka na bledi za ndani kila miaka 2. Kwa kunyoa siku 6 usitegemee kupita hapo. Zigawe hivyo hela zako: mashine pamoja na kichwa kimoja cha akiba ndani ya bajeti hiyo, mwili uwe wa kawaida.

Series 3 nyingi zinatumia kichwa 32B au 32S, herufi ni rangi tu, B nyeusi na S ya fedha. Zipo Series 3 za bei ya chini zenye kichwa 21B, hazichangiani. Soma boksi.

Kwa OneBlade piga hesabu: bledi inatajwa kudumu hadi miezi 4 kwa kunyoa mara 2 kwa wiki, yaani kama mara 34. Kwa siku 6 ni chini ya wiki 6. Ukinyolea shingo peke yake itadumu zaidi ya hapo, ila iweke kwenye mahesabu.

Bati likague dukani. Lielekeze kwenye taa, matundu yawe sawasawa, pasiwe na ufa hata mdogo katikati. Kisha chukua pamba kidogo, ipitishe juu taratibu. Ikiacha nyuzi, bati lina ncha, litakuchana. Kwa vichwa feki jaribio hili linasema mengi kuliko boksi.

Matumizi: kama ni ya kunyolea kavu bila maji, nyoa asubuhi kabla ya kunawa. Joto la Dar linafanya uso uwe na jasho na bati linagoma kuteleza, basi futa kwa taulo, paka poda kidogo sana, subiri nusu dakika. Usikandamize, bati likibonyea limekwisha. Wiki 3 za mwanzo ngozi inazoea, usichanganye na wembe humo kati, utashindwa kujua nani amekuumiza.

Usafi: gonga vumbi la ndevu kila ukimaliza. Brashi ni ya bledi za ndani, bati usilipige brashi. Kama ni ya kuoshwa, iwashe chini ya maji ya moto na tone la sabuni ya maji, suuza, fungua kichwa kikauke. Ukiosha hivyo, mara moja kwa wiki weka mafuta.

Kigogo_Luhanga:
Mafuta yapi, na kiasi gani? Ya kupikia yanafaa?

Fundi_Risasi:
Ya kupikia hapana, yanaganda kama gundi na mota inalemewa. Tumia ya cherehani. Tone moja katikati ya bati, jingine kwenye trima ya pembeni, washa sekunde 10, futa yanayobaki kwa tishu. Ukizidisha, vumbi la ndevu litanata na utaliona pembezoni mwa bati kama tope jeusi. Ukiona hivyo osha upya, kausha, na punguza tone.